Vipande Arobaini na Kimoja vya Docteur Hinrichs

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Bunia mjini, mlioko shambani, na ninyi mlioko njiani kuelekea Mahagi-Port na redio ndogo mfukoni, karibuni. Leo tunamkumbuka Mjerumani mmoja aliyeishi nasi hapa miaka minne. Jina lake ni Docteur Wolfram Hinrichs. Amefariki mwezi wa tatu mwaka huu, kwao Ujerumani, akiwa na miaka sitini na nane. Wengi wenu mlimwita Docteur Mafigo, na jina hilo alilipenda sana.

Majina mengine katika habari hii nimeyabadilisha, na mengine sitayataja kabisa. Naomba mnivumilie. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Docteur Hinrichs alikuwa pathologiste. Ni daktari ambaye kwa kawaida hamwoni mgonjwa. Anaona kipande tu cha mwili wake, kidogo kuliko punje ya mchele. Kipande kinafungwa ndani ya nta, kinakatwa chembamba sana, kinawekwa chini ya microscope, naye anausoma ugonjwa humo. Yeye alisoma figo tu. Miaka thelathini, figo tu.

Binti yake, Mama Friederike, ametuandikia kwamba babu yake alikuwa na bucha. Huko ndiko Docteur alikojifunza, akiwa mtoto, kupasua figo ya nguruwe katikati na kuiangalia kwa utulivu kabla ya kuipeleka kwa mama yake jikoni. "Baba hakutupa kitu," anaandika Friederike. "Hata kipande cha kamba alikihifadhi. Alisema siku moja mtu atakihitaji." Tulikumbuke neno hilo. Docteur Hinrichs hakutupa kitu.

Alifika Bunia mwaka 2012, baada ya kustaafu. Vita tulisema vimekwisha, lakini kila nyumba ilikuwa na mfuko uliofungwa tayari, umewekwa karibu na mlango. Mnaujua mfuko huo. Labda hata sasa mnauona kutoka mahali mlipokaa.

Katika kliniki aliyofanyia kazi alimkuta laborantine mmoja, fundi wa maabara. Tumwite Scholastique. Alikuwa mama mwembamba wa maneno machache, mwenye mkono usiotetemeka, na Docteur alisema hajawahi kuona mtu anayekata nta vizuri kama yeye. Kwenye karatasi zake za kazi iliandikwa kwamba anatoka Mambasa. Alisema hivyo kwa kila mtu, hata kwa padri.

Wagonjwa walikuja na nyuso zilizovimba asubuhi, mkojo wenye povu, miguu mizito. Docteur Gaspard, daktari wetu wa hapa, alichukua vipande kwa sindano. Scholastique alivikata. Mjerumani alivisoma. Baada ya mwaka mmoja walikuwa na vipande arobaini na kimoja vyenye ugonjwa wa aina moja, na Docteur alijua kwamba ugonjwa huo mara nyingi huletwa na sumu. Sumu ya wapi? Hilo ndilo alilolitafuta. Kila kipande kilikuwa na namba, na kitabu kikubwa chenye jalada jeusi kilikuwa na namba, jina la mgonjwa na kijiji chake. Alitundika karte, ramani ya eneo letu lote, ukutani, akaanza kuchoma pini.

Pini ishirini na tisa zilikwenda mahali pamoja: quartier Lumumba, hapa mjini.

Basi Docteur akaenda kupima maji ya Lumumba. Alipima visima, chemchemi, hata mapipa ya mvua. Miezi minane. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzungu anaweka kitu ndani ya maji, na siku moja jiwe lilipiga kioo cha gari lake. Maji yalikuwa safi. Na wagonjwa waliendelea kufa, huku yeye akitafuta mahali pasipo na kitu.

Scholastique alijua. Wasikilizaji wapendwa, sitaki kumhukumu, nanyi msimhukumu. Alisikia matamshi ya wale wagonjwa walipokuwa wakitaja majina yao, na alijua hawakuzaliwa Lumumba. Lakini aliandika walichosema. Hapa kwetu mtu akikuuliza kijiji chako, anakuuliza wewe ni nani na ni upande wa nani. Ukikimbia unaacha mbuzi, unaacha sufuria, na jina la kijiji unaliacha pia. Unasema Lumumba. Au unasema Mambasa.

Mgonjwa aliyebadilisha mambo nitamwita Mama Gertrude. Kitabuni alikuwa mtu wa Lumumba. Alipokufa, ndugu zake hawakumzika Lumumba. Walipandisha jeneza kwenye camionnette wakasema wanampeleka nyumbani, kwa sababu maiti sharti ilale kwao. Scholastique alipanda nyuma pamoja na mama wengine. Gari lilipanda milima ya Djugu, likapita kizuizi cha kwanza, cha pili, cha tatu, likasimama kwenye kijiji ambacho sitakitaja. Scholastique alikuwa hajakanyaga upande ule tangu alipokuwa msichana. Kwao ni bonde linalofuata.

Akiwa jikoni kusaidia kupika, aliona karai dogo jeusi pembeni ya moto. Aliuliza ni la nini. Walimjibu bila wasiwasi kwamba ni la kuchomea dhahabu pamoja na mercure, ile zebaki, na kwamba wanachomea ndani ili wezi wasione moshi. Watoto wachanga walilala palepale, kwenye joto, wakivuta moshi uleule wenye sumu.

Kesho yake alisimama mbele ya karte. Docteur alikuwa akitayarisha chupa za kwenda Lumumba tena.

"Docteur, hii karte iko na bongo, inatudanganya," alimwambia. "Wale watu hawatoke Lumumba. Walikimbilia tu kule."

"Weye unajua namna gani?"

"Juu hata miye sitoke Mambasa."

Mjerumani alikaa chini. Scholastique anasema hakumkasirikia. Aling'oa pini moja moja, akaziweka kwenye sahani, akamwomba amsaidie kuanza upya. Ndipo Scholastique alipozunguka kwa wagonjwa, na kwa jamaa za waliokufa, akaongea nao kwa lugha yao mlango ukiwa umefungwa. Kwa kila mmoja aliweka ahadi: "Hii itabaki mu kitabu. Siye wawili tu, miye na Docteur, ndio tutaijua." Pini thelathini na tatu, zile za Lumumba na nyingine nne, zilihamia kwenye vijiji vitatu.

Docteur Hinrichs na Docteur Gaspard walikwenda huko. Waliongea baada ya misa, kwa maneno machache, wakawaomba watu wachomee dhahabu mbali na nyumba, kwenye upepo. Wengi walikubali. Mwaka uliofuata, kutoka vijiji vile vitatu, walikuja wagonjwa wapya wawili tu. Wawili. Hiyo ndiyo kazi ya mtu huyu, wasikilizaji, na ingetosha kumaliza kipindi.

Lakini sasa kulikuwa na kitabu chenye majina arobaini na moja, na mbele ya kila jina, kijiji cha kweli.

Walikuja wanaume wawili kwa pikipiki. Mashati safi, heshima nyingi. Walisema wamesikia kuna liste ya wagonjwa, nao wanataka kuwasaidia. Hawakusema wametumwa na nani. Docteur alikataa. Walirudi wiki iliyofuata, akakataa tena. Mara ya tatu hawakumuuliza yeye. Walipita moja kwa moja hadi kwa Scholastique, wakamsalimia kwa lugha ya kwao, lugha ambayo mtu wa Mambasa hangeijua, kisha wakatabasamu wakaondoka.

Docteur alikuwa ameandika makala kwa gazeti kubwa la madaktari wa Ulaya. Bila kitabu, makala hayo yasingekuwa na ushahidi. Nimeshawaambia, mtu huyu hakutupa hata kamba. Alizunguka ua wa kliniki nusu saa nzima. Halafu saa nne asubuhi, wagonjwa wakiwa wamejaa kwenye mabenchi, alileta jiko la makaa katikati ya ua, akakaa kwenye kiti kidogo, akakichoma kitabu ukurasa mmoja mmoja. Alitaka aonekane. Scholastique alisimama karibu naye akigeuza majivu kwa kijiti. Wote wawili walilia, na hawakujificha.

Kitabu kilichomwa. Nasema tena, kwa yeyote anayesikiliza: kitabu kilichomwa chote, na hakuna nakala. Gazeti la Ulaya lilirudisha makala. Vilivyobaki ni vile vipande vya nta ndani ya sanduku la mbao, arobaini na kimoja, kila kimoja na namba, bila jina.

Jumatatu iliyopita mtu mmoja alifika hapa redioni. Shati safi. Aliuliza kwa upole kama yule laborantine anakumbuka yaliyokuwa kitabuni. Nilimwambia nitamuuliza. Ninakiri mbele yenu kwamba niliogopa, na bado ninaogopa.

Kwa Mama Friederike na familia yote ya Hinrichs, Bunia inawapa pole. Pole pia kwa Docteur Gaspard, na kwa nyumba zote zilizozika mtu wa ugonjwa ule. Nanyi wasikilizaji, leo mkikaa kula, fikirini ni nchi gani hii ambayo mgonjwa anaogopa kumwambia daktari mahali alipozaliwa. Wenye kuchoma dhahabu, chomeeni nje.

Nilimuuliza Scholastique, kama nilivyoahidi. Jibu lake ni hili, neno kwa neno.

"Sikumbuke. Hata jina moja, hata kijiji kimoja. Wakiniuliza kesho, sitakumbuka. Wakinipiga, sitakumbuka. Sema vile mu redio."

Nimesema. Na msimtafute nyumbani kwake. Nilipita pale jana asubuhi, mlango ulikuwa wazi, na mfuko haukuwepo tena.