Mama Anne-Marie Maliro na Jina Ambalo Hakulitaja

Ndugu na jamaa, mapadri na masista, majirani wa Kimemi, nanyi mliotoka Beni na Mabalako kama mmefika: familia inawaomba mtusikilize hadi mwisho. Katika maisha haya kuna jambo ambalo wengi mlilisikia nusu, na hata sisi wa nyumbani tulilijua kamili juzi tu.

Marehemu Anne-Marie Maliro alizaliwa Luofu, kusini mwa Lubero, tarehe 11 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa Baba Sikuli na Mama Kahongya. Kati ya watoto watano, wawili tu walifikia utu uzima: yeye na mdogo wake Mathe, aliyezaliwa mwaka 1955. Mama yao alipokwenda kulima maharage, Anne-Marie ndiye aliyembeba Mathe mgongoni mpaka jua lilipoinama.

Alisoma shule ya msingi Luofu na sekondari kwa masista wa Butembo. Mwaka 1971 aliingia chuo kikuu Kisangani, akapata lisansi, yaani shahada, ya saikolojia Julai 1976. Baba yake alipoulizwa kanisani binti yake amesomea nini, alijibu, "Amesomea kunyamaza, miaka mitano." Watu walicheka, lakini mzee alikuwa amesema kweli zaidi ya alivyofikiri.

Tarehe 5 Agosti 1978 alifunga ndoa na Bwana Kalala, mwalimu wa hesabu aliyetumwa na serikali kutoka Kasai. Wazee hawakutaka binti yao aolewe na mgeni. Mathe, kijana wa miaka ishirini na mitatu, aliyemwita dada yake Yaya, ndiye aliyesimama mbele yao: "Mukimunyima huyu, mutamupa nani? Mutu mwenye anaweza kumusikiliza Yaya saa mbili bila kulala ni Kalala peke yake." Wazee walicheka, wakakubali. Mungu aliwajalia watoto watatu: Elikia, Grady na Victorine.

Kwa miaka ishirini marehemu alifundisha saikolojia katika shule ya walimu hapa Butembo. Vita vilipoingia mwaka 1996, aliomba chumba parokiani akaanza kuwasikiliza watu waliotoka katika mambo mazito. Wanasaikolojia wenye shahada na ruhusa ya kazi, kutoka Lubero hadi Beni, walikuwa wachache sana, na wengi wao vijana. Hao nao walihitaji mtu wa kumuuliza. Kila Alhamisi walimletea maswali ya maadili ya kazi yao: je, nimpokee mke wa rafiki yangu? Commandant wa askari akitaka daftari langu, nifanyeje? Aliwashauri kwa siri, na sharti lake lilikuwa moja, kutotaja jina la mgonjwa. Kila mwanamume aliitwa Kambale na kila mwanamke Masika, majina ambayo huku kwetu yako katika kila nyumba. Bwana Kalala alimtania mezani: "Lakini huyu Kambale wa Butembo ana matatizo! Apumzike kidogo."

Alhamisi, tarehe 9 Agosti 2001, mwanasaikolojia Kamate Josaphat alitoka Beni akaja kwake. Yanayofuata ametueleza mwenyewe, kwa kuwa siri ya swali lake ni mali yake na ana haki ya kuifungua. Siri ya mgonjwa wake hajaifungua, nasi hatukumwomba.

"Maman," alimwambia, "kuna mutu ameniambia kitu. Siku ya Kwanza, Jumatatu hii, Mabalako itachomwa. Nikinyamaza, batu batakufa. Nikisema, batajua ni yeye, batamuua."

"Tumwite Kambale."

"Lakini maman, haitwi Kambale."

"Ndiyo maana."

Kisha marehemu alimuuliza kama mtu huyo alikubali watu waonywe. Josaphat akajibu kwamba alilia tu, akaondoka. Wakuu wa kuwapelekea habari hawakuwepo, maana waliotawala barabara ndio walioogopwa. Marehemu alifikiri, akasema: "Tutaonya juu ya hatari, hatutataja mutu. Lakini wewe usiende. Bakikuona Mabalako, batauliza nani aliingia kwako, na kwako banaingia batu bawili. Kwangu banaingia mingi. Tena niko na ndugu yangu kule, hakuna mwenye atashangaa."

Kesho yake alipanda pikipiki hadi Beni, na Jumamosi akafika Mabalako kwa Mathe, aliyekuwa akilima kahawa huko. Alimwambia Siku ya Kwanza isiwakute nyumbani. Mathe hakuuliza. Alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Yaya yangu hasemi ovyo." Jumapili alasiri kijiji kizima kiliingia msituni.

Walikaa humo siku kumi na sita. Mvua haikukatika. Kuhara kukaanza, na dawa hazikuwepo. Watu tisa walifia humo, saba wakiwa watoto, na mmoja wao alikuwa Bénie, binti wa Mathe, mwenye miaka sita. Waliporudi tarehe 28 Agosti, walikuta milango imefungwa kama walivyoiacha na mbuzi wakila majani uani. Hakuna aliyekuwa amekuja. Kwa nini hawakuja, hatujui hadi leo.

Mathe alifika Butembo na matope ya safari miguuni. "Yaya, nani alikudanganya?"

"Sikudanganywa, mudogo wangu."

"Basi askari bako wapi?"

Hakumtaja aliyempa habari. Akimtaja Josaphat, wenye bunduki wangemfikia Josaphat, na kupitia kwake yule mtu. Septemba hao wenye bunduki walimshika kweli marehemu wakamweka siku nne Beni, wakitaka kujua habari aliipata wapi. Alirudi akiwa na maumivu ya kiuno ambayo hayakumwacha tena. Watu wa Mabalako walimwita mwongo, sokoni wengine wakamgeuzia mgongo, na familia yetu nayo, tunakiri mbele yenu, ilimuonea haya. Mumewe peke yake alimsikia akisema: "Nilipima hatari ya kubaki. Hatari ya kukimbia sikuipima." Hakueleza zaidi, naye Bwana Kalala hakumlazimisha. Hatusomi haya ili kumtoa lawamani. Yeye mwenyewe hakujitoa.

Mwanzoni mwa mwaka 2003 figo zilianza kushindwa kazi. Alilazwa hospitalini hapa mjini tarehe 2 Mei, akavimba miguu, kisha uso. Alimuulizia Mathe kila siku. Mathe alikuja Jumapili tarehe 15 Juni, baada ya misa, akasimama karibu na kitanda bila kukaa. Victorine alikuwepo.

"Yaya, sikuja kutafuta maneno. Niambie tu ni nani. Jina tu. Nipate mutu wa kukasirikia mwenye si wewe."

Marehemu alimshika mkono. "Mathe, unikasirikie mimi."

"Unakufa, Yaya! Unamuficha mutu, na unakufa!"

"Yeye hajakufa," alisema.

Mathe alitoa mkono wake polepole, akachukua kofia yake, akaenda. Marehemu aligeukia ukuta na hakusema tena neno la maana. Alifariki Jumanne tarehe 17 Juni 2003, saa tisa mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Jumatano Josaphat aliingia matangani, akapiga magoti mbele ya Bwana Kalala, akasema, "Ni mimi niliyemuuliza." Aliomba habari hii isomwe leo kwa jina lake, ingawa anajua hatari yake. Siku hiyohiyo tulimtuma Syauswa, binamu ya marehemu, kwenda Mabalako kumweleza Mathe. Syauswa amerudi. Anasema Mathe alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Yaya alikula chochote siku ile ya Jumanne, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Marehemu ameacha mume, Bwana Kalala. Watoto watatu, Elikia, Grady na Victorine. Binamu yake Syauswa. Wanasaikolojia aliowashauri, ambao wako kati yenu na hatutawataja. Na mdogo wake wa pekee, Mathe. Bénie na wale wanane wa msituni wamemtangulia, nasi tunawaomba wazazi wao msamaha kwa niaba yake.

Neno la ndugu wa marehemu, linalofuata katika programu hii, ni la Mathe. Hatukulipangia mtu mwingine. Kama yupo, tunamwomba apite mbele. Kama hayupo, tutasimama kimya kwa muda wake wote.

Mungu ampokee Anne-Marie mahali pa pumziko, ambapo hakuna atakayemdai jina la mtu.