Dada Yetu Mfuaji wa Hospitali, na Kinyaa Chetu

Wapendwa tuliokusanyika, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, na marehemu ndiye aliyenibeba mgongoni. Mwezi wa tatu mwaka huu aliniambia, "Wasifu wangu utausoma wewe. Sema kweli, ila usimnyooshee mtu kidole." La kwanza nitalitimiza. La pili nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya wanne wa mwashi na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili karibu na kiwanda cha matofali. Alibatizwa akiwa na miezi mitatu katika kanisa hili hili tulimo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974. Akiwa darasa la nne, mwenzake alitapika juu ya dawati. Darasa zima likakimbilia madirishani, watoto wakishika pua na kuzomea. Yeye alivua sweta lake, akapangusa dawati, akampangusa na mwenzake mdomo, kisha akaketi naye palepale. Nyumbani mama akafoka, "Sweta jipya ndio umefanya dekio?" Akajibu, "Mama, alikuwa analia."

Tarehe 2 Julai 1979 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akafanya kazi huko miaka thelathini na saba, hadi alipostaafu mwaka 2016. Shuka ziliteremshwa kwenye magunia zikiwa na damu, usaha na kinyesi, na ilibidi zisuguliwe kwa mkono kabla ya kuingia kwenye mashine. Leo hapo nje nimeshawasikia wawili wakisema kwamba dada yetu hakujua kinyaa. Si kweli. Alikuwa nacho kama sisi. Mwaka wake wa kwanza alikula chakula cha mchana amesimama uani, kwa sababu kule ndani hakikupita kooni. "Kinyaa ni changu mimi," alikuwa akisema. "Mgonjwa kinamhusu nini?"

Tarehe 3 Desemba 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, wakajaliwa mabinti wawili. Shemeji hatakasirika nikisema kwamba kwa miaka mingi alimtaka mkewe aoge kwanza ndipo asogelee meza. Dada alioga, huku akicheka.

Mwaka 2017 alisikia kwamba mwalimu mstaafu wa mtaa wa nyuma amepata kiharusi. Wanawe, waimbaji wazuri wa kwaya, walikuwa wamemfungia chumba cha uani na kumpitishia chakula dirishani, kwa sababu ya harufu. Dada alinichukua nimbebee ndoo. Binti wa mwalimu akatufungulia geti nusu.

"Mnamtaka nani?"

"Namtaka baba. Nina maji ya moto, yasije yakapoa."

Chumba kile sijakisahau. Godoro lilikuwa limeoza pamoja na shuka, na kwenye kidonda cha mgongoni walikuwa wakitembea funza. Nilitoka mbio nikatapika ukutani. Dada hakugeuka. "Ukimaliza kutapika," akasema, "niletee ndoo ya pili." Kisha akamwinamia mzee. "Shikamoo, mwalimu. Nakugeuza upande wa kushoto. Ukiumia niambie." Yule mzee alikuwa hajaamkiwa siku nyingi, machozi yalimtoka hata kabla hajaguswa.

Alikwenda kila siku kwa miaka miwili. Mwalimu alipofariki, wasifu wake ulisomwa hapahapa niliposimama: "Alitunzwa kwa upendo mkubwa na wanawe hadi pumzi ya mwisho." Kanisa likaitikia amina. Nilitaka kusimama. Dada akanivuta shati. "Kaa chini. Mzee mwenyewe anajua." Nilikaa, lakini hadi leo amina ile inanichefua kuliko chumba kile.

Julai 2022 dada aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Kufikia Januari kidonda kilikuwa kimefunguka, na nyumba ikaanza kunuka. Akina mama wa jumuiya walikuja mara moja tu. Walisimama mlangoni na leso puani, wakaomba sala ya mstari mmoja, na kabla ya amina mmoja wao alikuwa ameshavaa kiatu. Mzee wa kanisa alileta meza ya Bwana, lakini hakuvuka kizingiti. Alimnyooshea shemeji kwa ncha za vidole: "Baba, mpelekee mama." Mkate na kikombe vikapita mlangoni vile vile chakula cha mwalimu kilivyokuwa kikipita dirishani. Dada akapaza sauti kutoka kitandani: "Asante, mzee wetu! Angalia hapo kwenye ngazi, pana utelezi."

Nami msinione msafi. Nilikaa wiki tano bila kwenda, nikisingizia kazi. Siku niliyofika nilimkuta shemeji amepiga magoti, anamwosha kidonda. Yule yule wa kuoga kwanza. "Shika bega," akaniambia, bila hata salamu.

Dada akanitazama. "Nanuka?"

"Hapana, dada."

"Muongo wewe. Nimefua miaka thelathini na saba, pua yangu bado nzima." Akacheka mpaka tukamsihi atulie. Nikashika bega.

Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, shemeji akimgeuzia mto.

Leo kanisa limejaa hadi nje. Watu saba wameomba nafasi ya kushuhudia upendo wa marehemu. Nimeipitia orodha yao: hakuna aliyemgusa tangu Januari. Nimeifuta. Atazungumza shemeji peke yake, akipenda.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili walioolewa mbali, wajukuu watatu, kaka mmoja na mimi mdogo wake. Ameacha pia mama mmoja asiyeweza kuinuka, anayeishi peke yake nyuma ya soko, nyumba ya mwisho yenye mlango wa bati. Alikuwa akimwosha kila Jumatano na Jumamosi mpaka nguvu zake mwenyewe zilipokwisha. Juzi nilikwenda. Keshokutwa saa tatu asubuhi nitakwenda tena. Mwenye ushuhuda juu ya dada yetu autoe huko, na aje na ndoo. Mama yule ananuka, nawaambia mapema.

Dada, umeosha vya kutosha. Pumzika sasa, na amani ya Bwana ikufunike.