Rattikan Kaewmun, Mama wa Praewa

Marehemu Rattikan Kaewmun alizaliwa tarehe 14 Mei 1974 wilayani Mae Tha, Lampang, akiwa kitinda mimba wa Mzee Inta na Bi Buakhiao, wakulima wa mpunga. Nyumbani tulimwita Tum. Ukimwita Rattikan, aligeuka kumtafuta anayeitwa.

Alisoma shule ya kijiji, kisha chuo cha ufundi mjini Lampang, alikohitimu mwaka 1993, msichana pekee katika darasa la mitambo. Akafungua gereji ya pikipiki karibu na stesheni, akaiendesha hadi ugonjwa ulipomwangusha. Wateja walimjua kwa mkono mwepesi na ulimi mkali.

Mwaka 2003 mwalimu Onuma Srithep alisukuma pikipiki hadi mlangoni pake, jasho likimtiririka.

"Dada, ndiyo imekufa kabisa?"

"Haijafa, ina kiu. Mwalimu mzima hujui kutia mafuta?"

Kesho yake Onuma alirudi, na pikipiki haikuwa na kasoro yoyote. Hawakuachana tena.

Mwaka 2014 walimleta nyumbani Praewa, wa miaka miwili, kutoka makao ya watoto Chiang Mai. Sheria ya wakati ule haikuwatambua wanawake wawili kuwa wanandoa, kwa hiyo Onuma alimuasili peke yake. Maafisa walipokuja kukagua nyumba, Tum alihamishia godoro lake stoo, akajitambulisha kuwa mpangaji. Tuliogopa wasije wakatunyima mtoto, na wote tuliokuwapo tulikaa kimya. Maafisa walipoondoka, mpangaji huyo ndiye aliyemwogesha mtoto, akamsuka, akamfinyangia wali wa kunata kwa vidole vyake. Akawa anafanya hivyo kila siku, na mtoto akamwita Mae, yaani mama.

Sheria ya ndoa ilipobadilika, Tum na Onuma walioana tarehe 6 Februari 2025. Wiki iliyofuata Tum alikwenda kuomba naye amuasili Praewa. Afisa mmoja aliyewahi kufika kwenye ukaguzi akamkazia macho.

"Wewe si ndiye yule mpangaji?"

Tum alieleza, akaeleza tena. Haikusaidia kitu. Aliambiwa aanze upya, amlee mtoto kwanza kwa majaribio, ndipo kibali kitoke. Majaribio! Mtoto aliyemlea tangu hajui kufunga kifungo! Alirudi nyumbani, akakaa gerejini bila kugusa spana.

Mwezi Aprili tumbo lilianza kumsumbua, na madaktari wakakuta saratani ya ini. Yeye aliuliza swali moja tu, kama atafika mwisho wa majaribio. Siku ya Mama, tarehe 12 Agosti, Praewa alimpelekea shada la asumini wodini, akapiga magoti miguuni pake kama watoto wote wanavyowafanyia mama zao siku hiyo.

"Inuka, mwanangu. Kibali bado."

"Kibali cha nini, Mae? Nilipokuwa najinyea, nani alikuwa ananiosha?"

Tum alicheka hadi akakohoa, kisha akalia. "Nilitaka tu nife nikiwa mama yako."

"Wewe ni mama yangu. Nyamaza sasa, unywe maji."

Alifariki alfajiri ya tarehe 19 Agosti 2025, mkono wake ukiwa mikononi mwa Onuma. Kibali hakikuwa kimetoka. Inauma, jamani, wala hatutaficha.

Ijumaa simu ililia nyumbani, Praewa akaipokea. Afisa alisema angekuja leo Jumatatu kuona mtoto na mwombaji wanavyozoeana.

"Karibu, dada," Praewa alimjibu, "lakini uje hekaluni. Mama tunamchoma saa nane."

Kwa desturi yetu picha ya marehemu hutangulia jeneza likipelekwa kuchomwa, na hubebwa na mtoto wake. Leo ameibeba Praewa. Kama afisa amefika, asogee mbele aone vizuri.

Marehemu ameacha mke, Onuma, dada, Chanpen, kaka, Duangdi, na binti, Praewa, aliyeomba mstari huu usiwe na neno "wa kulea".

Roho yake na ipate utulivu.