Nyundo, Ndoo ya Barafu na Mguu wa Kushoto

Aniite mwongo anayetaka, mlango ule pale, lakini mechi kubwa kuliko zote nilizocheza maishani ni ile ya Novemba dhidi ya Akron, niliyofunga pointi sifuri. Sifuri, wanangu. Sikutupa hata mtupo huru mmoja, na bado tulishinda kwa sababu yangu mimi, Lavell Pettiway, na asiyeamini akaisome karatasi ya Bi. Pruitt, mtu wa takwimu kule ofisini: dakika nilizokuwa sakafuni tuliwapita Akron kwa pointi ishirini na tatu, dakika nilizokaa benchi wakatupita kwa kumi na tisa, tukashinda kwa nne. Bishaneni sasa.

Kubiak, simu inanasa? Iweke kwenye trei, karibu na mdomo wangu, usiifunike na maandazi ya bibi yako. Tremaine, vuta kiti ukae, futi sita na inchi saba ukisimama hivyo muuguzi atakutundikia dripu. Mnacheka nini, kuitwa wanangu? Nina miaka thelathini na mmoja, sawa, nje ya jengo hili mimi ni kijana mbichi na wasichana wa Toledo nzima watawaambieni hivyo, lakini kwenye mpira wa kikapu mtu wa miaka thelathini na mmoja aliyekatika kano ya kisigino ni maiti anayesubiri kuoshwa. Nani walioniita Babu tangu msimu wa juzi? Si nyinyi? Basi babu yenu anaondoka, na babu haondoki bila kuusia.

Tena upesi. Yule muuguzi Geraldine amenidunga sindano ya kwanza, akaniambia, "Bwana Pettiway, una robo saa ya kupiga domo, halafu utalala kama kichanga, tukupeleke kwenye upasuaji." Nikamwambia, dada, nimepiga domo na marefa miaka kumi na mmoja, haijatengenezwa dawa ya kuninyamazisha. Akasema, "Haya, endelea, wenzako wote walisema hivyo." Saa ngapi? Saa tatu na nusu? Theluji bado? Sawa. Mnajua kinachotokea saa sita mchana, msijifanye hamjui. Mguu wangu umekatika, wanaleta wachezaji wawili kwa mpigo kutoka Duluth, na nafasi niliyoacha ni moja, kwa hiyo mmoja wenu ataondoka leo kabla ofisi haijafunga orodha. Ndiyo maana Kubiak hujagusa andazi hata moja, na ndiyo maana Tremaine unamenya karanga zako za kuchemsha na huzili, unazipanga tu dirishani.

Jana Kocha Haskins alikaa kwenye kiti hicho hicho, kofia magotini, akasema, "Lavell, karatasi inasema Tremaine Oakes aende. Ana toa tisini na nne tangu msimu uanze, yaani tumepitwa pointi hizo akiwa sakafuni, hakuna Mhunzi mwingine katika timu yetu mwenye namba mbaya kama hiyo. Lakini wewe umekaa nao, nipe neno lako." Nilichomjibu nitakifikia. Msinikimbize, sijawahi kukimbizwa na mtu mwenye kiuno kama cha Kubiak.

Mali kwanza. Kabati langu la kona, lile karibu na bomba la joto, nampa Kubiak, kwa sababu mgongo wake unalia kila baridi inapoingia na hawezi kusema mbele za watu. Daftari langu la kijani ni lenu wote wawili. Mle nimeandika kila refa wa ligi hii: yupi ukimsalimia kwa jina la mbwa wake anakusamehe kosa moja, yupi ukimtazama tu anapuliza. Nimeandika pia wapinzani, nani anavuta pumzi kwa mdomo kabla ya kwenda kulia, nani anajifuta mikono kwenye kaptula akitaka kutupa. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, mwalimu wa hesabu alinitabiria kuokota makopo, lakini daftari lile analisoma hata Bi. Pruitt mwenye shahada mbili, na bado ananikosoa tahajia. Mpelekeeni salamu. Namsamehe ya tahajia. Mtangazaji wa redio aliyeniita fanicha ya benchi, huyo simsamehe, na nikifa kweli humu ndani asije kula pai ya viazi vitamu kwenye matanga yangu.

Nyundo. Mnajua desturi yetu: kila tukishinda mechi kubwa, wachezaji wenyewe, si kocha wala ofisi, wanampa nyundo yule aliyefanya kazi isiyoandikwa, naye anapiga benchi mara tatu, kila mtu anapiga kelele. Nyundo iko kwangu tangu Novemba. Nitasema iende kwa nani, ngojeni. Na ndoo yangu ya barafu. Ile ndoo... nayo ngojeni.

Geraldine hajarudi? Sawa.

Sasa mnielewe vizuri, maana huu ndio urithi wenyewe, vile vingine ni vyombo. Figa moja haliinjiki chungu. Sturdivant ni nyota wetu, anafunga thelathini, picha yake ni kubwa kama ghorofa pale stesheni, na anastahili. Lakini sisi wengine tunapimwaje? Watu watatutazama mikononi, na mikononi mwetu hamna kitu. Mimi ukitaka kunipima nitazame miguuni. Mtazame mtu asiye na mpira: anasimama tu kama anasubiri basi, au anakwenda kuweka ukuta, yaani anasimama imara ili anayemlinda Sturdivant ajigonge kifuani mwake na Sturdivant apate nusu sekunde? Nusu sekunde ile haina safu kwenye karatasi. Msikilizeni nani anaongea tukiwa tunazuia. Kubiak, wewe unatupa mpira kama malaika, lakini kwenye kuzuia unanyamaza kama umekosana nasi, na mlango wako uko wazi, wateja wanaingia hata viatu hawafuti. Usinune. Nakwambia ili uishi. Fungua mdomo, sema "kulia kwako!", sema "nimemwona!", sema chochote, hata jina la bibi yako.

Na mtazameni Sturdivant mwenyewe. Akikosa mara tatu mfululizo, anageuka anamtafuta nani kwa macho? Msimu huu anamtafuta Tremaine. Si mimi. Nimeliona, likanichoma, na leo nalisema.

Halafu ile jumlisha na toa ya Bi. Pruitt. Inahesabu jambo moja tu: ulipokuwa sakafuni, timu ilipata zaidi au ilipoteza. Haijui ulikuwa na nani upande wako, haijui nani alikuwa mbele yako. Namba ile ni kama mvua, haimchagui aliyefanya kosa, inamlowesha aliyeko nje. Ukiingia wakati nyota wao anakunywa maji, utatoka mkavu na namba nzuri. Ukitupwa ndani wakati nyota wao amewaka, utalowa hata ukicheza kama mfalme. Mwalimu wangu alisema sijui hesabu. Hesabu hiyo naijua kuliko mtu yeyote katika ligi hii, wanangu. Naijua mno.

Mbona mikono inawasha. Tremaine, hebu nikune hapa, kwenye kiwiko. Asante.

Nawasimulia tena Akron, kwa sababu Kubiak ulikuwa mgonjwa hukuiona. Whitlock, nyota wao, alikuja na mdomo wake. Dakika ya kwanza tu ananiambia, "Babu, umeleta fimbo?" Nikamwambia, fimbo nimeiacha kwa mama yako anajifunzia kutembea. Nikaanza kazi. Ukuta wa kwanza, Sturdivant anapata nafasi, anafunga. Ukuta wa pili, mlinzi wao anajigonga kwangu anakaa chini kama mtoto anayetaka peremende. Nikasimama mbele ya yule mnene wao anayekuja mbio, nikabeba kumbo lake hapa, kifuani, refa akapuliza kwa ajili yetu, ukumbi mzima ukaimba "Babu! Babu!" Robo ya tatu msuli wa kigimbi ukakaza kidogo nikapumzika, robo ya nne nikarudi nachechemea, jamani, mngesikia kelele zile, mabomba ya paa yalitetemeka. Tukamaliza juu kwa nne. Nikapewa nyundo, nikapiga benchi hadi ubao ukapasuka. Niliitoa wapi nguvu ile na mguu mbovu, hata daktari wa timu alishangaa.

Alishangaa kweli. Alinikagua mara mbili.

Ulimi unakuwa mzito. Saa ngapi? Saa nne kasoro kumi? Haya, wosia niufunge, nisije nikalala katikati. Kubiak, ukibaki, uongee. Ukiondoka, uondoke ukiongea. Msikubali kupimwa na mtu ambaye hajawahi kukaa benchi. Mama yangu kule Gary msimwambie wananipasua leo, mwambieni ni kesho, aombe akiwa ametulia. Mungu awape magoti ya chuma, vifundo vya mpira, na makocha wenye macho. Awape wake wasiosoma karatasi za takwimu. Mzeeke hadi thelathini na tano. Amina. Zima simu, Kubiak.

Hapana. Usizime! Rudisha. Inanasa? Taa nyekundu ipo?

Tremaine, niangalie, acha karanga. Kuna kipande nimekiruka, na nilikuwa nakusudia kukiruka hadi kaburini, ila dawa ya yule mwanamke inalegeza hata nilichokifunga kwa fundo. Robo ya tatu. Whitlock alirudi kutoka benchi amewaka, nilimwona anavuka mstari, nikamwona anavyokung'uta vidole, imo kwenye daftari, akikung'uta vidole hakosi. Na mimi wakati ule nilikuwa juu kwa kumi na tano. Nikashika kigimbi. Nikaruka kwa mguu mmoja hadi benchi nikiuma meno. Hapakuwa na kitu, Tremaine. Mguu ulikuwa mzima kama huu mlango. Kocha akakutuma wewe. Dakika saba ulimganda Whitlock, ulimsukumia kwenye mkono wake dhaifu, ulimtupisha mbali na mkono wako ukiwa machoni pake, mdomo wako ulipasuka ukameza damu yako ili refa asikutoe, naye akafunga tu, kwa sababu siku hiyo asingezuiwa hata na ukuta wa gereza. Toa kumi na saba. Zako. Kisha yeye akaenda kunywa maji, mguu wangu ukapona, nikarudi kupokea makofi.

Na wewe ulipotoka, badala ya kukaa, ulikwenda kuniletea ndoo ya barafu. Ukapiga magoti. Ukasema, "Mguu vipi, Babu?"

Si Akron peke yake. Mara tisa... au kumi. Kila nyota wao akiwaka, kigimbi kinakaza. Kila mara wewe unaingia, kila mara ndoo. "Mguu vipi, Babu?" Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, mimi nililijaza maji hadi pomoni nikakunywesha wewe. Na mguu ukanisikia. Mguu huu huu wa kushoto nilioufundisha uongo, Jumanne umekatika kweli, hakuna mtu aliyenigusa, na nilipoanguka wa kwanza kunifikia ulikuwa... usilie, mjinga wewe, mimi ndiye wa kulia.

Kocha aliponiuliza jana... nilimwambia, "Karatasi haidanganyi." Maneno hayo. Basi. Nilifikiri mtu akiondoka aondoke na jina lake safi.

Kubiak, mdogo wangu, najua ni wewe au yeye. Najua nakuomba nini. Simu hiyo mpelekee Haskins mkononi, sasa hivi, chukua gari langu, funguo zipo kwenye koti, breki zinateleza kidogo kwenye theluji. Kabla ya saa sita. Kocha, ukinisikia, mimi ni Lavell... akili ninayo... Mtoe Oakes kwa kosa lingine, si hili.

Nyundo ya Tremaine. Ndoo... ndoo nizikwe nayo. Mnasikia viatu vya Geraldine? Mwambieni bado. Mwambieni ana domo bado huyu.

Kubiak, mbona hujainuka?

Zile toa, Kocha. Sio zake. Ziandike... zote... andika Pettiway. Zilikuwa zangu tangu...