Mzee Anaeli Kisamo, Mchaga wa Utete

Wapendwa waombolezaji, Bwana Yesu asifiwe. Na ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Naitwa Elieshi, dada wa marehemu. Katika ratiba mliyoshika, mahali palipoandikwa "Maziko" pana nafasi tupu. Msimlaumu mchapaji. Ukoo unataka Marangu, mjane anataka Utete, na baada ya siku tatu za vikao hapa Kariakoo wazee wakasema dada mtu aamue, atangaze mwisho wa wasifu. Gari liko nje, na dereva naye anasubiri kuambiwa.

Marehemu Anaeli Kisamo alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, tarehe 12 Machi 1956. Kitovu chake kilizikwa chini ya mgomba, na hiyo ndiyo hoja kubwa ya wazee. Alisoma hukohuko hadi darasa la saba, mwaka 1971. Alikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa kuchota maji. Maji yake nilichota mimi, na leo nalisema hadharani.

Mwaka 1977 alikuja Dar es Salaam, akaanza kupanga sufuria chini, Mtaa wa Mchikichi, hadi akapata fremu yake ya duka. Aliuza sufuria, hotpoti na mabeseni kwa zaidi ya miaka arobaini. Mteja akimuuliza, "Hili beseni litadumu kweli?" alijibu, "Mama, hili litakuzika." Wengine walikasirika, lakini walinunua.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Jovitha, na Mungu akawajalia Evelyn na Robert.

Mwaka 2020 alipeleka mzigo wa sufuria Utete, mji mdogo kando ya mto Rufiji, akakosa usafiri wa kurudi. Alikaa siku tatu. Aliporudi hakushikika.

"Elieshi, kwa kodi ya chumba cha Kariakoo, kule napata nyumba nzima na ua! Samaki wa leo leo! Jioni watu wanacheza bao, hakuna anayekimbia!"

Nikamwambia, "Kaka, umerogwa."

Desemba ile Wachaga wote walipanda Moshi kula Krismasi. Yeye akateremka Utete na mkewe, fremu akamwachia Evelyn.

Sasa, Mchaga ni Mchaga. Alibeba machipukizi ya migomba kutoka Marangu, akayapanda kando ya mto ili naye awe na kihamba, shamba la migomba kama letu la Marangu. Viboko wakaja wakala yote. Akapanda tena, wakala tena. Mara ya tatu jirani yake, Mzee Uwesu, akamwambia, "Bwana Kisamo, wewe hulimi. Wewe unafuga viboko." Urafiki ulianzia hapo. Uwesu akamfundisha bao, na kaka akafungwa miaka miwili mfululizo. Jumamosi alikwenda ngomani, Mlutheri mzima, akicheza kama aliyekanyaga siafu. Jumapili aliimba besi peke yake katika kwaya ya watu watano. Kila mwaka alitualika, na kila mwaka tulikuwa na sababu. Mimi nilikwenda mara moja, nikalalamikia joto, kesho yake nikageuza.

Machi mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, akaletwa Dar kwa matibabu. Habari za duka hakuuliza. Aliuliza viboko wameonekana wangapi. Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, Jovitha akiwa amemshika mkono.

Sitawaficha: mimi nilitaka Marangu. Nilishachagua mahali, ubavuni mwa mama, na pangu pembeni yake. Lakini jana wamefika watu kumi na wanane kutoka Utete. Nikajua wamekuja kugombea mwili, nikajifunga kibwebwe.

Mzee Uwesu akasema, "Dada, hatukuja kubishana. Tumekuja kumzika mwenzetu. Kama ni Moshi, haya, twendeni Moshi."

Nikawatazama: kanzu na makubazi, hakuna hata mmoja mwenye sweta, na huu ni mwezi wa nane! Wamejuana na kaka yangu miaka mitano tu, na wako tayari kwenda kutetemeka mlimani kwa ajili yake. Sisi damu yake, joto tu lilitushinda. Niliona aibu, wapendwa. Niliona aibu sana.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja mkali, na Mzee Uwesu, ambaye sasa hana wa kumfunga.

Dereva, shika Barabara ya Kilwa. Tunaenda Utete, ukoo mzima, na asiyeweza joto abebe kipepeo chake.

Kaka Anaeli, ulituita ukiwa hai, tukakupa visingizio. Tunakuja. Nisamehe nimechelewa. Mungu akupe usingizi wa amani.