Mama Mifuniko na Tumbili wa Jikoni

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, mwenzetu wa Kitengo cha Wanyama wa Mjini, ambaye ofisi nzima tunamwita Mama Mifuniko, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Nimepewa ukurasa mmoja wa kumweleza. Nimeuanza mara nne, na kila nikikaa nainuka tena, kwa sababu kuanzia Jumatatu kiti chake nitakikalia mimi.

Aliajiriwa kama karani wa kupokea malalamiko. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika: popo darini, nguchiro kwenye banda la kuku, bundi shuleni na walimu wamegoma kuingia darasani. Baada ya mwaka mmoja alichoka kuandika, akaomba kwenda kuona. Aliporudi kutoka ile shule alimwambia mkuu wa wakati huo kwamba bundi analea makinda matatu kwa panya wa stoo ya chakula, na kama kuna anayestahili mshahara pale, basi ni bundi. Mkuu alicheka hadi akavua miwani, kisha akamhamishia kazi za nje.

Utaratibu wake umetutoa jasho wote. Ukipeleka mtego kabla hujakaa siku tatu kuangalia mnyama anakuja saa ngapi, anapita wapi na anakula nini, anakurudisha ofisini wewe na mtego wako. Mara nyingi siku ya tatu mtego hauhitajiki tena. Kinachohitajika ni mfuniko wa pipa la taka. Amefunga mifuniko sokoni, kwenye mabweni, hata nyumbani kwa mkuu wetu wa sasa, ambako fungo alikuwa anakula vizuri kuliko wengi wetu. Ndipo jina likamganda.

Mara moja tu tulimkaidi. Tulimkamata tumbili dume aliyekuwa anasumbua jikoni hospitalini, tukampaka rangi ya bluu mkiani, tukampeleka msituni, kilomita kumi na mbili. Mama alikataa, sisi tukajifanya wajuaji. Wakati wa kurudi gari likaharibika, tukakaa siku mbili kusubiri fundi. Tulipofika hospitalini kutoa taarifa ya mafanikio, mkia wa bluu ulikuwa unaning'inia kwenye paa la jiko. Dereva wetu hadi leo hataki kuulizwa habari hiyo, kwa hiyo muulizeni.

Ukoo wa tumbili yule ndio unaonikosesha usingizi sasa. Wameuzoea mji kuliko sisi tuliozaliwa humu. Wanajua saa ya kuona wagonjwa, wanajua mlango upi komeo lake limelegea, na mpishi aliyeshika mwiko hawamchukulii sawa na mpishi mikono mitupu. Mwanzoni mwa mwezi huu waliingia wodi ya watoto, wakaondoka na uji. Simu haikunyamaza siku nzima. Uongozi wa hospitali ukaleta fomu ya kutaka wawekewe sumu, nayo ilihitaji saini ya ofisa mmoja wa kitengo. Mama Mifuniko alikuwa ndiyo kwanza ameanza likizo yake ya mwisho. Nilitia saini.

Naliandika hili hapa kwa sababu ofisi nzima inalijua na hakuna anayelisema. Nilikuwa nimechoka kabla hata hajaondoka. Sumu ikanunuliwa, ikapangwa kuwekwa Jumatatu hii, siku yangu ya kwanza.

Yeye alizipata habari kwa mpishi mkuu. Hakunipigia simu, hakuja kunigombeza, na hilo ndilo lililonitesa. Alikwenda hospitalini na nguo zake za nyumbani, akakalia ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jiko kwa siku tatu. Siku ya nne nilimkuta amepiga magoti, misumari mdomoni, anabadilisha bawaba za mapipa yote kumi na moja. Nilisimama pale kama mtoto aliyeitwa mbele ya mwalimu mkuu. Akanisukumia upande mmoja wa wavu wa dirisha la stoo. "Shika vizuri, mwanangu, unapinda," akasema. Tukafanya kazi pamoja hadi wavu wa mwisho, yeye akiwa likizoni, mimi nikiwa na aibu yangu.

Ni siku kumi sasa hakuna tumbili aliyeingia wodini. Wamehamia kwenye mti wa nyuma ya maabara, wanatuangalia kwa hasira, na sina shaka kuna jambo wanalipanga. Hata hivyo jana nilikwenda kwa mkuu kuiondoa saini yangu. Aliniuliza wakirudi nani atajibu. Nilisema nitajibu mimi.

Mama, kitengo kizima kinakushukuru kwa miaka yote uliyotufundisha kutulia, ingawa mimi bado somo halijaniingia. Nisamehe kwa ile likizo niliyokuharibia. Nenda kalale mchana, kawachoshe wajukuu, na maisha yako ya kustaafu yawe mema na marefu. Usiende stoo kuitafuta ile sumu, haipo. Leo asubuhi nimeirudisha ilikonunuliwa, na nimeibeba mwenyewe.