Bi Maulida na Kidole Kilichokagua Matairi Yetu Yote

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Bi Maulida Nurudin anastaafu kazi ya ukaguzi wa matairi katika kampuni yetu ya Mawe Matatu Uchukuzi, hapa Igoma, Mwanza. Anaondoka akiwa na afya njema, sauti kali na mahudhurio mabaya kuliko ya mfanyakazi yeyote tangu kampuni ianzishwe. Hilo la mwisho nitalieleza. Msomaji avute subira.

Alipoanza, malori yalikuwa manne na kila dereva alijiamulia mwenyewe tairi lake limechoka lini. Sasa, dereva wa kwetu haachi tairi. Ataliita kipara kwa mdomo wake, atalicheka mbele ya wenzake, kisha atakuapia kwamba bado lina mwezi mmoja. Mwezi ukiisha ataapa tena, na mwezi utakuwa ule ule. Bi Maulida ni binti wa fundi viatu wa Makoroboi aliyekata matairi makuukuu kutengeneza katambuga, na tangu utotoni aliona mengi yakifika kwa baba yake yakiwa yamechelewa sana kustaafu, mengine yakiwa na habari za msiba. Wiki yake ya kwanza kazini alitangaza kwamba tairi halitahukumiwa tena na mtu anayelipenda.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa baraza la tairi, desturi ambayo wageni wakisimuliwa hudhani tunawatania. Tairi linalotiliwa shaka hufunguliwa, likaoshwa, likakalishwa kwenye kiti cha plastiki cha bluu katikati ya gereji. Dereva wake husimama kulitetea. Bi Maulida husikiliza mpaka mwisho, maana huo ndio uungwana. Kisha hufumba macho, hupitisha kidole gumba katikati ya kashata, yale matuta ya tairi yanayoshika barabara, na hutoa hukumu. Likiwa zima hurudi kazini. Likiwa limeisha, hunywewa chai ya kuagwa, na maandazi juu. Wapo madereva waliokuwa wakimwamkia shikamoo mara mbili, moja yake na moja ya kidole.

Utetezi tuliousikia ungetosha kufungua shule ya sheria. Malimi, dereva wa njia ya Nansio, aliwahi kudai kwamba tairi lake halina haja ya kashata kwa sababu sehemu kubwa ya safari lori linakuwa limepanda kivuko, na juu ya maji tairi halina kazi. Baraza lilitafakari hoja hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Bingwa, hata hivyo, ni Chenge, dereva wa lori la dagaa, ambaye kwa miaka yote hiyo ameshinda kesi moja tu, nitaifikia, na hajawahi kukata tamaa. Alileta mashahidi. Alileta picha za tairi likiwa bado changa. Siku moja akamleta mama yake mzazi kutoka Magu aje kulisemea. Bibi wa watu akalitazama tairi, akamtazama mwanawe, akatoa ushahidi upande wa pili.

Wala cheo hakikumwokoa mtu. Siku ya harusi ya Nusrat, binti wa mkurugenzi wetu Bwana Iqbal, msafara ulisimamishwa na Bi Maulida kwenye geti letu ukielekea Sengerema kwa sababu tairi la nyuma la gari la bibi harusi lilikuwa limeanza kuonyesha nyuzi. Bwana Iqbal alisema gari hilo huenda msikitini na kurudi tu, na Mungu analilinda. Akajibiwa kwamba Mungu huyo huyo ndiye aliyezionyesha nyuzi. Baraza likakaa hapo hapo, wazee wakiwa na kanzu zao na ngoma ikisubiri, na Nusrat, hina mkononi, akateremsha kioo na kupiga kura dhidi ya tairi la baba yake. Walivuka daraja la Busisi jioni, wakala pilau iliyopoa, na ndoa hiyo mpaka leo haina tatizo lolote.

Nifike sasa kwenye mahudhurio. Mwaka jana kampuni ilinunua mashine ya getini ya kusoma alama za vidole. Sote ilitusoma, hata Malimi mwenye mikono ya grisi. Bi Maulida aliweka kidole gumba chake, mashine ikasema hapana mtu. Alikifuta, akakilowesha, akakipulizia, hapana mtu. Tangu hapo, kwa mujibu wa mashine, Bi Maulida hajafika kazini. Afisa utumishi wetu, Hellen, ambaye hufuata utaratibu kama mtu anayefuata jeneza, alimwandikia barua ya onyo kwa utoro na kumkabidhi mkono kwa mkono, mezani kwake, saa za kazi. Bi Maulida akasaini kwamba amepokea. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Yeye hakucheka, alikuwa anakitazama kidole.

Mwezi Februari, tairi la mbele la lori la Chenge lilipasuka karibu na Kisesa. Lori liliingia mtaroni na kulala ubavu. Chenge alitoka dirishani na mchubuko wa kiwiko, na dagaa wakamwagika kwa namna ambayo kuku wa Kisesa hawataisahau. Tatizo ni kwamba tairi lile lilikuwa limekaa kwenye kiti cha bluu wiki ile ile, na Bi Maulida alikuwa amelipitisha. Lilikuwa tairi la kwanza kumsaliti. Chenge alishikilia kwamba ni msumari, akauleta na msumari wenyewe kwenye bahasha. Ulikuwa mpya, unang'aa, haujawahi kuona barabara.

Wakati huo Bwana Iqbal alikuwa tayari ameandaa mkataba wa kumwongezea miaka miwili, na sote tulikuwa tunaomba aukubali. Badala ya kujibu, Bi Maulida aliitisha baraza. Akaketi yeye mwenyewe kwenye kiti cha bluu, mkono wa kulia juu ya goti, kidole gumba juu. Alitaka ijulikane kama kidole kile bado kinafaa kuachiwa roho za watu. Hakimu asiwe mtu anayempenda, ndiyo sheria yake, kwa hiyo akamteua yule aliyekuwa na sababu nyingi kuliko wote za kumchukia: Chenge, aliyeshindwa kesi zote isipokuwa ya tairi lile.

Madereva walimtetea kama walivyotetea matairi. Mmoja alisema bado ana mwezi mmoja. Malimi alipendekeza abakie kukagua matairi ya Nansio tu, kwa sababu zinazojulikana. Bwana Iqbal alisema kwamba Mungu anamlinda, kisha akakumbuka zile nyuzi.

Chenge akapiga magoti mbele ya kiti. Tulimjua Chenge, hakuna aliyekuwa na wasiwasi na hukumu yake. Akakishika kile kidole, akafumba macho kama alivyoona ikifanywa miaka yote, akapitisha chake juu yake taratibu. Kilikuwa laini kama kijiko. Akapitisha tena. Kompresa ilizimwa. Kisha Chenge, ambaye maishani mwake hakuwahi kukiri kwamba kitu chochote kimechoka, akasema kwa sauti ndogo kwamba kimeisha, na akalia mbele ya watu bila kujificha.

Bi Maulida alimfuta machozi kwa kidole kile kile. Akatamka kwamba amempata mrithi wake, akaagiza chai. Kuanzia Julai mkaguzi wa matairi ni Chenge, na Malimi ameshaanza kujuta.

Bi Maulida anahamia Nansio kulima machungwa. Kiti cha bluu ni zawadi yetu kwake, nacho ni kizima, kimekaguliwa. Kwa niaba ya wafanyakazi wote tunamshukuru kwa kila safari aliyoizuia, na tunamwombea siku ndefu, mvua za kiasi na majirani wasio na magari. Mashine ya getini itaendelea kusema kwamba hukufika kazini, Bi Maulida. Sisi tuliofika nyumbani kila jioni tunajua ulikuwepo.

Justa Mihayo
Idara ya Stoo